Kununua nyumba Dar es Salaam: hatua kwa hatua na wakili wako mpaka hati isome jina lako

Shangazi yangu alinunua nyumba Tabata, akaishi humo miaka tisa akijua ni yake. Mkataba ulikuwa na muhuri wa wakili. Hati halisi alikabidhiwa siku ileile, akaifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuilaza chini ya khanga zake sandukuni. Muuzaji alipofariki, wanawe walikuja na majibu ya upekuzi kutoka ofisi ya ardhi: mmiliki aliyeandikwa ni baba yao. Ilibidi kusubiri mahakama iteue msimamizi wa mirathi, ndipo apatikane wa kusaini fomu za uhamisho ambazo marehemu angezimaliza kwa dakika kumi.

Yule wakili hakumdanganya. Aliombwa ashuhudie sahihi, akashuhudia, akalipwa, akaenda zake. Wanunuzi wengi wa mji huu wanaangukia hapohapo. Kushuhudia mkataba ni kazi moja, kusimamia uhamisho wa umiliki mpaka kwa Msajili wa Hati, anayetunza daftari la wamiliki wa ardhi, ni kazi nyingine, na hiyo ya pili ndiyo unayoihitaji.

Tafuta wakili kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba

Awe wakili wako, si wa muuzaji, wala si yule ambaye dalali "anafanya naye kazi siku zote". Uliza jina lake kamili, kisha liangalie kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, uone kama ameruhusiwa kufanya kazi mwaka huu, maana leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka. Kubalianeni malipo kwa maandishi, na maandishi yaseme wazi kwamba kazi yake inaisha hati ikitoka kwa jina lako. Ukiacha neno hilo, utaishia na muhuri.

Upekuzi

Mpe wakili nakala ya hati. Ataomba upekuzi rasmi kwa Msajili, na majibu yatakuonyesha mmiliki ni nani, miaka mingapi imebaki kwenye umiliki (hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99), na kama kuna rehani ya benki au zuio lililowekwa na mtu anayedai haki. Hati safi mkononi mwa muuzaji haitoshi. Mtu anaweza kukuonyesha nakala nzuri ilhali hati halisi imelala benki.

Upekuzi wa karatasi hauoni kiwanja, kwa hiyo nenda mwenyewe na mpima ardhi. Tafuteni mawe ya mipaka, linganisheni namba ya kiwanja na kitalu na ramani ya upimaji, kisha ulizeni ofisi ya mipango miji kama eneo halimo kwenye hifadhi ya barabara au bonde. Waliobomolewa nyumba zao bonde la Msimbazi mwishoni mwa 2015, na wale wa kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara mwaka 2017, wapo waliokuwa wamenunua kwa jasho lao kabisa. Piga hodi pia kwa majirani na ofisi ya serikali ya mtaa. Mjumbe anajua ugomvi wa ndugu ambao Msajili hana habari nao.

Ukikuta nyumba haina hati, ina leseni ya makazi (kibali cha muda cha kukaa kwenye kiwanja) au karatasi ya mauziano ya zamani tu, hiyo ni safari nyingine, na bei lazima ilingane na hatari hiyo. Mimi nisingelipa bei ya nyumba yenye hati.

Mkataba, na pesa inayotoka kwa awamu

Jambo la kwanza ni mwenza wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa iwe ya maandishi, yenye picha na sahihi, na mwenyewe awepo mbele ya wakili. Kama nyumba ni ya urithi, anayesaini ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na jina lake liwe limeshaingizwa kwenye daftari la ardhi kwa nafasi hiyo. Kikao cha ukoo hakimpi mtu mamlaka ya kuuza.

Usilipe zote siku ya kusaini. Mwombe wakili aandike awamu: sehemu mkataba ukisainiwa, sehemu fomu zote za uhamisho zikishasainiwa na hati halisi ikiwa mikononi mwake, na baki usajili ukikamilika. Lipa kwa benki ili risiti ibaki. Muuzaji atanung'unika, na dalali atakwambia kuna mteja mwingine anakuja jioni. Mwache aje.

Siku hiyohiyo ya mkataba, muuzaji asaini Fomu za Ardhi namba 29, 30 na 35, yaani taarifa ya uhamisho, maombi ya kibali na uhamisho wenyewe. Hizi ndizo zilizokosekana sandukuni kwa shangazi. Kama mnahofia muuzaji atauza mara mbili, wakili anaweza kuweka zuio kwa Msajili wakati mnasubiri.

Uthamini na kodi

Mthamini aliyesajiliwa atakagua nyumba na kuandaa taarifa, ambayo huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Bei ya kupunguzwa kwenye mkataba ili kukwepa kodi haisaidii kitu hapa, na siku ya kesi itakuumiza.

Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida kwa mkazi, au asilimia 3 ya bei ya mauzo au thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa, kama hana kumbukumbu za gharama zake. Mjini wauzaji huisukuma kwa mnunuzi, basi mkataba utaje nani analipa, kwa sababu bila uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato (TRA) uhamisho hausogei. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, na hulipwa ndani ya siku 30 tangu kusaini. Pango la ardhi, yaani tozo ya kila mwaka ya kiwanja, lidaiwe kwa muuzaji mpaka siku ya makabidhiano. Malipo yote ya Serikali yana namba yake ya malipo, kwa hiyo ukiambiwa "nipe taslimu nikakulipie", omba namba ulipe mwenyewe.

Usajili

Wakili atapeleka fomu, mkataba, hati halisi, taarifa ya uthamini, uthibitisho wa kodi, risiti za pango, ridhaa ya mwenza, picha na vitambulisho vya NIDA. Omba nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na uulizie kila wiki. Kama uko Muscat au London, anayekusainia awe na hati ya uwakilishi iliyosajiliwa. Ujumbe wa simu hautoshi.

Hati ikitoka, isome palepale kaunta: jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye NIDA, namba ya kiwanja, kitalu, ukubwa. Kisha mwambie wakili aombe upekuzi mpya. Majibu yakirudi na jina lako, ndipo umlipe muuzaji baki yake.