Namna ya kuendesha seti ukiwa mwongozaji msaidizi wa kwanza

Mwongozaji wa filamu anapaswa kuwaza waigizaji na picha. Akianza kuwaza saa, basi ameshindwa kusaidiwa. Kazi ya msaidizi wa kwanza ni kubeba saa hiyo, pamoja na usalama wa kila aliyeko kwenye seti.

1. Chambua skripti

Isome mara ya kwanza bila kalamu. Kisha rudi sini kwa sini, yaani onyesho moja moja, uandike kila kinachohitajika: waigizaji, mavazi, magari, wanyama, watoto, moto, mvua. Pima urefu wa kila sini kwa kugawa ukurasa sehemu nane na kuhesabu sini imechukua sehemu ngapi.

Ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, lakini urefu huo haukuambii muda wa kupiga picha. "Jeshi linavuka mto" ni mstari mmoja tu, na unaweza kumeza siku nzima. Watu wawili wakizungumza mezani kwa kurasa tatu huenda wakamaliza kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo jiulize kila mara: ni nini hasa kitatuchelewesha hapa?

2. Panga ratiba

Usifuate mfuatano wa hadithi. Kusanya sini za eneo moja, halafu tenganisha za mchana na za usiku, kisha tazama waigizaji wanapatikana lini. Watoto wapange mapema, maana nchi nyingi zina sheria inayobana saa zao za kazi. Za nje zitangulie, na uwe na sini ya ndani iliyo tayari iwapo mvua itanyesha. Mimi siweki sini nzito ya machozi siku ya kwanza. Waigizaji bado hawajazoeana.

Mpelekee mwongozaji ratiba hiyo mbishane mapema, ingali kwenye karatasi.

3. Karatasi ya wito

Ni karatasi inayomwambia kila mtu afike wapi na saa ngapi siku inayofuata. Huiandaa msaidizi wa pili, wewe unaikagua. Hesabu kurudi nyuma kutoka picha ya kwanza: anayehitaji saa mbili za vipodozi aitwe mapema kuliko wenzake. Iandikwe pia hospitali ya karibu na saa ya jua kuzama. Hakikisha watu wamepata mapumziko yao tangu walipofunga kazi jana.

4. Kwenye seti

Anza na mazoezi ya mienendo. Weka alama sakafuni waigizaji wanaposimama, kisha waende kwenye vipodozi wakati mafundi wanapanga taa. Muulize mpigapicha anahitaji dakika ngapi, uwatangazie wote. Zikiisha, mfuate umuulize kwa sauti ya chini. Kupiga kelele "Bado?" hakuharakishi taa hata moja.

Kila kitu kikiwa tayari, agiza kimya. Msaidizi wa tatu azuie watu kupita. Ita sauti, ita kamera, ili zianze kurekodi, kibao chenye namba ya sini kipigwe, kisha mwongozaji aanzishe. "Kata" ni neno lake. Wewe ulitumie pale tu unapoona hatari.

Na hatari usiipe nafasi. Kabla ya moto, kuanguka au silaha, kusanya watu wote, eleza kitakachotokea na njia ya kutokea, na uwaambie yeyote anaweza kusimamisha kazi. Silaha ionyeshwe kuwa tupu kwa wote watakaokuwa karibu nayo, na risasi halisi zisifike kwenye seti kamwe. Muda ukiwa mfupi, punguza picha. Kikao hicho cha usalama usikiguse.

5. Mkichelewa

Mwambie mwongozaji kabla ya chakula cha mchana, wakati bado ana la kuchagua. Nenda na mapendekezo: picha hizi mbili ziunganishwe, ile iachwe. Uamuzi ni wake.

Mkifunga, jaza ripoti ya siku: sini zilizokamilika, zilizobaki, saa za kuanza na kumaliza, na jeraha lolote hata likiwa dogo. Kisha msaidizi wa pili agawe wito wa kesho kabla mtu hajapanda gari.