Kuchagua mtaa London mtoto akiwa njiani

Mimba ikishathibitika, wenzi wengi hukimbilia kwa dalali na kuuliza kodi ya vyumba viwili. Kodi ina uzito wake, ila mtaa wa kulelea mtoto London huamuliwa zaidi na kalenda ya nasari na shule, na mita chache kati ya mlango wako na geti la shule. Jina la halmashauri peke yake halikwambii kitu: ndani ya Newham au Lewisham, barabara mbili zinazopakana zinaweza kuwa na bahati tofauti kabisa.

Anzeni na shule, hata kama mtoto hajazaliwa. Mtoto huingia Reception, darasa la kwanza kabisa la shule ya msingi, Septemba inayofuata siku anayotimiza miaka 4. Maombi hufungwa tarehe 15 Januari ya mwaka huo na majibu hutoka 16 Aprili. Aliyezaliwa 31 Agosti huanza akiwa na miaka minne na siku moja, wakati wa 1 Septemba husubiri mwaka mzima zaidi. Halmashauri nyingi huhesabu anwani mliyokuwa nayo maombi yanapofungwa. Mkihamia Machi, hata kwenye nyumba inayotazamana na shule, mnaweza kujikuta mwisho wa foleni.

Shule ya serikali ikizidiwa na waombaji, watoto wanaolelewa na serikali hutangulia, kisha kwa kawaida wenye kaka au dada pale shuleni, halafu wa karibu. Kila mwaka halmashauri hutoa kijitabu cha maombi, na humo huandikwa umbali wa mtoto wa mwisho aliyepata nafasi. Namba hiyo ina faida kuliko tangazo lolote la dalali. Ikiwa ni mita 420 na fleti iko mita 600, hesabuni kwamba shule hiyo si yenu. Angalieni miaka mitatu mfululizo, kwa sababu mwaka wenye wadogo wengi wa wanafunzi waliopo hula nafasi za wageni na kuufupisha umbali. Someni pia unavyopimwa: kuna halmashauri zinazopima mstari ulionyooka kwenye ramani na nyingine zinazopima njia ya miguu, na penye reli au mto tofauti yake ni kubwa.

Kuna upande wa pili ambao wageni hawauoni. Idadi ya watoto imeshuka katikati ya London, na shule kadhaa za msingi Lambeth, Southwark, Hackney na Islington zimefungwa au kuunganishwa. Nafasi huko ni rahisi kupata, lakini ulizeni ofisi ya shule wameandikisha watoto wangapi Reception. Shule yenye viti 60 na watoto 31 inaendesha madarasa mawili kwa fedha za moja, na huenda isidumu. Kuhusu Ofsted, wakaguzi wa shule wa serikali, tangu Septemba 2024 shule za serikali hazipewi tena alama ya neno moja, kwa hiyo ripoti yenyewe isomwe.

Kwa Wakatoliki: shule nyingi za Kanisa hutaka cheti cha ubatizo, na baadhi huangalia mtoto alibatizwa akiwa na umri gani. Kabla ya kuahirisha ubatizo hadi mwende nyumbani kwa babu na bibi, someni masharti ya shule mnayoilenga.

Nasari huja mapema zaidi, na ndiyo inayotoboa mfuko. Tangu Septemba 2025, wazazi wanaofanya kazi England wanaweza kupata saa 30 kwa wiki zinazolipiwa na serikali kuanzia mtoto wa miezi 9, kwa wiki 38 za mwaka. Zikitandazwa mwaka mzima zinabaki kama saa 22. Kama nyote wawili mko kwenye viza yenye zuio la fedha za umma (no recourse to public funds), hamtazipata. Mmoja wenu akiwa hana zuio hilo, mnaweza kuomba. Saa 15 za mtoto wa miaka 3 na 4 ni za kila mtoto, viza ya wazazi yoyote iwayo. Kosa linalowagharimu watu ni la tarehe: msimbo wa saa 30, yaani namba mnayopewa ombi lenu likikubaliwa, lazima uwe mkononi kabla ya muhula kuanza, yaani kufikia 31 Agosti, 31 Desemba au 31 Machi, la sivyo mnalipa ada kamili muhula mzima. Mnapokagua mtaa, pigieni nasari tatu zilizo njiani kuelekea kazini na muulize foleni ya watoto wa chini ya miaka miwili ina urefu gani. Kama zote zimejaa, tafuteni mlezi wa nyumbani aliyesajiliwa.

Kisha kigari cha mtoto. Kwenye ramani ya treni, alama ya kiti cha magurudumu yenye rangi ya buluu ina maana hakuna ngazi kutoka barabarani hadi ndani ya behewa. Nyeupe, hadi jukwaani tu. Kituo kisicho na alama, kila siku ni kubeba kigari ngazini. Basi huchukua kigari, lakini mtu wa kiti cha magurudumu akipanda mtaombwa kukikunja.

Nyumba yenyewe ikagueni kama ina baridi na unyevu. Nyuma ya kabati, pembe za ukuta wa nje na dari ya bafu ndipo ukungu mweusi hujificha, na rangi mpya kwenye pembe moja tu ni ya kutiliwa shaka. Cheti cha nishati cha nyumba ya kupanga (A ndiyo bora, G ya mwisho) kisipungue E. C ni nafuu kwa mtoto mchanga. Kodi ya halmashauri nayo iingie kwenye hesabu: mwaka 2025/26, nyumba ya daraja D la thamani (si la nishati) ilitozwa chini ya £1,000 Wandsworth na zaidi ya £2,000 Croydon.

Watu wa kwenu? Wana thamani kubwa wiki za kwanza baada ya kujifungua, pale mtu anapohitaji mama wa kumletea uji na kumshikia mtoto ili mzazi alale kwa muda wa saa mbili. Lakini si lazima muishi barabara moja. Dakika ishirini kwa basi moja zinatosha. Unga, mihogo na ndizi mbichi mtavipata Queen's Market, Upton Park, au Rye Lane, Peckham.

Nendeni mtaani saa mbili na nusu asubuhi siku ya shule, kisha Ijumaa usiku. Mkiridhika, dalali haruhusiwi kuchukua zaidi ya kodi ya wiki moja kushikilia nyumba, wala dhamana inayozidi wiki tano ikiwa kodi ya mwaka haifiki £50,000. Dhamana hiyo iwekwe kwenye mfuko uliosajiliwa ndani ya siku 30. Mkijitoa baada ya kulipa ya wiki moja, kwa kawaida hairudi, kwa hiyo pimeni mita za shule kabla ya kuitoa.