Somo: Matunzo ya geti la kuteleza, kuanzia reli hadi mota

Nimeandika somo hili kwa sababu nimechoka kujibu swali moja kwa vipande vipande: kwa nini geti linakwama, na je, mota imekufa? Mara nyingi mota haijafa. Geti ndilo linaloumwa, na mota imekuwa ikiuficha ugonjwa huo kwa kulivuta kwa nguvu hadi yenyewe ikachoka. Mimi si fundi. Ni mwenye nyumba wa Mbezi Beach, Dar es Salaam, ambaye kwa miaka 11 nimelitunza geti la chuma la mita 4 linalokwenda pembeni juu ya reli kwa magurudumu mawili, na ambalo lilifungwa mota baadaye. Kazi yote huchukua kama saa moja na nusu, nami huirudia kila baada ya miezi mitatu kwa kuwa upepo wa bahari hauna simile na chuma. Aliye Dodoma anaweza kuifanya mara mbili kwa mwaka.

Hatua ya 1. Zima umeme wa mota, chomoa waya mmoja wa betri yake, kisha iachie mota kwa ufunguo wake ili geti liweze kusukumwa kwa mkono. Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi, kwa sababu betri inaendelea kuilisha mota.

Hatua ya 2. Sukuma geti kwa mkono mmoja, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Geti zima kiafya huanza kwa uzito kidogo, kisha hutembea bila kulalamika, na ukiliacha popote husimama hapohapo. Sikiliza: mlio wa kusaga ni mchanga au beringi, na mgongano unaorudi kwa vipindi sawa ni gurudumu lililoliwa upande mmoja. Usiendelee na hatua nyingine kabla mkono wako haujakwambia tatizo liko wapi.

Hatua ya 3. Fagia reli, kisha isugue kwa brashi ya waya. Reli hukaa kavu. Haipakwi grisi wala oili chafu, kwa maana mafuta hunasa mchanga, na mchanga uliochanganyika na mafuta husaga gurudumu kama msasa.

Hatua ya 4. Kagua magurudumu. Gurudumu likiwa na nipeli, yaani kichuchu cha kuingizia grisi, lipige grisi. Kama beringi yake imezibwa kiwandani, liache. Ukibadilisha moja, badilisha yote mawili.

Hatua ya 5. Tazama rola za juu zinazolishika geti lisimame wima. Ziguse geti kwa wepesi bila kulibana, na nati zake zikazwe.

Hatua ya 6. Stopa. Hapa naomba usome neno kwa neno. Stopa ni kipande cha chuma kinachosimamishwa kila mwisho wa safari ya geti, na cha upande wa kufungulia ndicho kinacholizuia lisitoke kwenye rola za juu. Mwaka 2019 nilikata stopa hiyo kwa kuwa ilikuwa imeoza kwa kutu; fundi wa kuchomelea aliahidi kuja jioni, hakuja, nami nikalala nikiwa nimemwonya kila mtu nyumbani kwa mdomo tu. Asubuhi umeme ulikuwa umekatika na betri imeisha, mota ikawa imeachiwa, na kijana anayetusaidia shambani, ambaye hakuwepo nilipotoa onyo langu, akalisukuma geti kwa bega kama alivyozoea. Lilipita mahali pa stopa, likatoka kwenye rola, likasimama wima lenyewe kwa muda ambao mtu angeweza kusema “jamani”, kisha likalala upande wa bustani. Ndoo ya rangi nyekundu niliyoiacha hapo ikawa bapa kama chapati, na rangi ikaruka hadi juu ya ukuta. Doa lile sijalifuta hadi leo. Kijana hakuumia kwa sababu alikuwa nyuma ya geti. Angekuwa upande wa ndoo, nisingekuwa na ujasiri wa kuandika somo lolote.

Kwa hiyo: usiondoe stopa hata kwa dakika kumi kabla hujalifunga geti kwa mnyororo kwenye nguzo. Stopa ichomelewe au ifungwe kwa bolti kwenye zege, isiwe jiwe wala gogo lililoegeshwa. Geti likisimama kwenye stopa ya kufungulia, mkia wake uwe bado ndani ya rola za juu. Watoto wasikae upande wowote wa geti wakati wa ukaguzi, na geti likianza kuanguka, usijaribu kulidaka. Liache lianguke.

Hatua ya 7. Kati ya meno yaliyofungwa kwenye geti na gia ya mota kuwe na nafasi ndogo, kiasi cha milimita 1 hadi 2. Mimi hupima kwa kadi mbili za benki zilizobebanishwa: zipite kwa kubanwa kidogo. Magurudumu yakilika geti hushuka, meno hukalia gia, na mota ikaanza kubeba uzito ambao haikuundwa kuubeba. Pima kila baada ya nusu mita, wala si mahali pamoja tu.

Hatua ya 8. Kwangua kutu, paka praima, kisha rangi, siku hiyohiyo.

Hatua ya 9. Rudisha betri na umeme, na ufute macho ya usalama, yaani vihisio vinavyolisimamisha geti kitu kikipita mbele yake, kwa kitambaa laini. Geti linapofunga, pitisha fimbo ya ufagio mbele ya macho hayo; lisiposimama au kurudi, lisitumike kwa rimoti mpaka litengenezwe. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7 kwenye mita. Ikisoma chini ya 12 baada ya kuchajiwa usiku kucha, imezeeka.

MASWALI YA WANACHAMA

Mjenzi wa Goba: Ahsante kwa somo. Je, reli niipake grisi ya aina gani?

Jibu: Hatua ya 3, kaka. Sentensi ya pili na ya tatu.

Mama wa Tanga: Shikamoo. Nimefuata hatua ya pili. Geti langu halikwami, lakini nikiliacha katikati hujirudisha lenyewe kama hatua mbili, kisha husimama. Mota nayo huguna wakati wa kufungua tu, si wakati wa kufunga. Je, mambo haya mawili yana uhusiano?

Jibu: Marahaba, mama, na nashukuru kwa kulitazama geti kabla ya kuuliza. Yana uhusiano wa moja kwa moja. Sehemu hiyo reli imepanda, kwa hiyo geti likifunguliwa mota inalipandisha kilima, na likifungwa linateremka lenyewe. Chukua chaki. Mota ikiwa imeachiwa, simamisha geti kila baada ya nusu mita, uweke alama kwenye reli palipo gurudumu la mbele kila linapojirudisha. Kisha weka pimamaji juu ya reli kati ya alama. Utapata mwanzo na mwisho wa kilima chenyewe, na fundi hatakuwa na sababu ya kukung’olea reli nzima.

Fundi wa Tabata: Mimi nafunga mageti miaka mingi. Mota ina limiti zake, inajua pa kusimama. Hiyo stopa ni kumwongezea mteja gharama na kuwatisha watu bure.

Jibu: Limiti hufanya kazi mota inapoliendesha geti. Umeme ukikatika na mota ikaachiwa, anayeliendesha ni mtu, na bega lake halina limiti. Geti langu lilikuwa na mota yenye limiti nzuri kabisa siku lilipoanguka. Ukiwafungia wateja bila stopa, waambie hivyo kwa maandishi.

Mpangaji: Bei ya kubadilisha magurudumu ni shilingi ngapi?

Jibu: Pima kipenyo, angalia mfereji wake ni wa V au wa U, kisha uliza dukani. Bila vipimo hivyo hata muuzaji hawezi kukujibu.

Kijana wa Bamburi: Huku Mombasa mota yangu iliungua kwa sababu ya mjusi aliyeingia kwenye saketi. Tangu hapo nimeziba kwa silikoni tundu la waya zinapoingilia, na kila mwezi naliosha geti kwa maji baridi ili kuondoa chumvi. Je, silikoni inaweza kuleta unyevu ndani?

Jibu: Ulifanya vyema, ndugu yangu. Ziba matundu ya waya tu. Kama kasha lina matundu madogo ya kutolea maji chini, hayo usiyazibe, yafunike kwa wavu mwembamba. Sisimizi nao hupenda joto la saketi, kwa hiyo nyunyiza dawa kuzunguka msingi, kamwe si ndani ya kasha. Nawe umenikumbusha jambo nililolisahau: bomba la chini la geti huingiwa na maji ya mvua na kuoza kutoka ndani, rangi ikiwa bado inang’aa nje. Toboa tundu la milimita 6 upande wake wa chini karibu na kila mwisho, ulipake praima. Langu lilipotobolewa lilitoa maji ya kahawia karibu nusu kikombe.

Mjenzi wa Goba: Sasa kama reli haipakwi grisi, WD-40 je?

Jibu: Ni mafuta pia. Reli hukaa kavu.

Mama wa Tanga: Nimerudi na majibu. Kilima kinaanzia sentimita 140 na kuishia 210, na ni mahali hasa panapopita mzizi wa mwembe wa jirani chini ya zege. Je, nikate mzizi kwanza au nishushe reli kwanza?

Jibu: Zungumza na jirani kwanza, mama, maana mzizi mnene ukikatwa mwembe unaweza kuegemea ukuta wenu wote wawili. Mkikubaliana, lifunge geti kwa mnyororo kwenye nguzo likiwa upande usio na kilima, mzizi ukatwe, zege la sehemu hiyo livunjwe na kumwagwa upya, na reli irudishwe kwa pimamaji. Lipe zege siku saba kabla ya kulipitishia geti, na siku hiyo upime tena nafasi ya kadi mbili, kwa sababu reli ikishuka, meno nayo yatashuka.