Somo: Namna ya Kuamua Bei ya Kulipia Gari la Michezo Lililotumika

Wanunuzi wengi wa magari ya michezo hufika kwa muuzaji wakiwa wamekwishanunua moyoni, na kinachobaki ni kutafuta sababu za kukubali bei wanayotajiwa. Somo hili linahusu jambo moja tu: namna ya kupata kikomo chako, yaani bei ya juu kabisa utakayolipa kwa gari hili mahususi, kabla hujatoa ofa. Kikomo hicho hakitokani na bei anayotaja muuzaji, wala hakitokani na fedha ulizo nazo. Unaanza na bei ya gari zuri la aina hiyohiyo, unatoa gharama ya kulifikisha hili katika hali ile, kisha unatoa kidogo tena kwa ajili ya yale ambayo macho hayawezi kuyaona.

Kwa kuwa fedha hutofautiana, nitatumia alama. Gari zuri la aina unayoitaka, lisilo na maajabu wala aibu, nitalihesabu kuwa na thamani ya alama 100.

Hatua ya kwanza: Tafuta 100 yako

Kusanya matangazo ya magari ya modeli ileile, kizazi kilekile, injini ileile na giaboksi ya aina ileile. Gari lenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini ili kuiongezea nguvu) na lisilo na tabo ni magari mawili tofauti hata kama bodi zake zinafanana kabisa. Kumbuka kwamba bei ya tangazo ni ombi la muuzaji tu, na bado hakuna aliyeilipa. Kwa hiyo fuatilia matangazo hayo kwa majuma kadhaa, uone lipi limeondoka haraka, lipi limeshushwa bei na lipi linaendelea kukaa palepale, kwa sababu gari linalokaa muda mrefu linakuonyesha bei ambayo wanunuzi wameikataa. Matokeo ya minada ni ushahidi bora zaidi, kwa kuwa hiyo ni bei iliyolipwa kweli, ila angalia kama inajumuisha kamisheni ya mnada au la.

Angalia pia gari lako liko wapi katika safari yake ya thamani. Magari mengi ya michezo huporomoka bei katika miaka ya mwanzo, kisha mteremko hupungua, na machache hugeuka na kuanza kupanda. Toyota Supra ya kizazi cha nne, iliyotengenezwa kuanzia 1993 hadi 2002, iliwahi kuwa gari la kawaida sokoni kabla ya zile zenye tabo mbili kuanza kugombaniwa na wakusanyaji. Usilipe bei ya leo kwa kutegemea kwamba lako nalo litapanda. Kupanda kwa bei kwa namna hiyo huonekana rahisi kutabiri baada ya kutokea.

Hatua ya pili: Jua ugonjwa wa modeli yako

Hapa ndipo fedha nyingi huokolewa, na ndipo wanunuzi wengi hupita mbiombio. Kila gari la michezo lina udhaifu wake unaojulikana na mafundi wanaolihudumia, na udhaifu huo una gharama inayoweza kuulizwa mapema.

Porsche 911 ya kizazi kinachoitwa 996, iliyoanza kutengenezwa 1997, pamoja na Boxster za wakati huo, zina beringi ya shafti ya kati ndani ya injini ambayo ikivunjika inaweza kuiharibu injini yote, hivyo gari ambalo beringi hiyo imekwishabadilishwa na risiti ipo linastahili bei tofauti na lile ambalo muuzaji anasema tu kwamba halijawahi kusumbua. BMW M3 ya kizazi kinachoitwa E46 hukaguliwa sakafu ya nyuma, mahali ambapo fremu ya ekseli imeshikiliwa, kwa kuwa bati la hapo hupata nyufa. Mazda MX-5 za mwanzo, zilizotoka 1989, hushikwa na kutu kwenye vizingiti vya chini ya milango, mbele ya matairi ya nyuma, mara nyingi ikianzia ndani ambako rangi bado inang'aa kwa nje. Mazda RX-8 ina injini ya rota, ambayo hunywa oili kwa maumbile yake, na inapochoka huwa ngumu kuwaka ikiwa ya moto. Kompresheni yake, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya injini, hupimwa kwa kifaa maalumu, na kipimo cha kawaida cha injini ya pistoni hakitoshi. Ferrari F355 hulazimu injini ishushwe ili mikanda ya taimingi ibadilishwe, kwa hiyo gari lililobakiza miezi michache kufikia sevisi hiyo si nafuu hata kidogo, hata kama bei yake inavutia.

Piga simu kwa fundi anayelijua gari hilo kabla ya kumpigia muuzaji. Muulize mambo matatu: nini huharibika, kinagharimu kiasi gani kikirekebishwa vizuri, na dalili yake ni ipi. Majibu yake yaandike kama orodha ya alama, kila tatizo na sehemu yake ya ile 100.

Hatua ya tatu: Likague likiwa baridi

Mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika gusa boneti. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha kugonga, moshi wa kwanza na uvivu wa kuwaka.

Kisha pinda magoti uangalie matairi, kwa sababu yanasema mengi kuliko mwenye gari. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa mfuatano wa herufi unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Matairi yenye kashata (meno ya tairi) nzuri lakini umri mkubwa yamekwisha kwa gari la mwendo, hata kama muuzaji anayaita mapya. Pitisha vidole ukingo wa ndani. Kama umelika kuliko wa nje, alaimenti ya magurudumu, yaani pembe zake, imeharibika au bushi zimechoka. Na ukikuta matairi manne ya chapa nne tofauti kwenye gari lenye nguvu, jiulize mwenye kubana matumizi hapo alibana wapi kwingine ambako huwezi kuona.

Diski za breki zenye mdomo mkali ukingoni zimelika. Klachi ipime ukiwa gia ya nne katika mwendo mdogo, ukanyage mafuta hadi chini: mizunguko ikipanda huku mwendo haupandi, klachi inateleza. Linganisha kilomita na ubavu wa kiti cha dereva, ngozi ya usukani na mpira wa pedali, maana vitu hivyo havirudishwi nyuma kirahisi kama odometa. Kifaa cha kupima unene wa rangi ni cha bei ndogo. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya mikroni 80 na 150 hivi, na ukisoma 400 kwenye mlango mmoja, chini yake kuna puti (kijazio cha kusawazisha bodi iliyobonyea) na nyuma ya puti kuna historia.

Baada ya hapo, fundi alipime kwa kompyuta. Katika Porsche nyingi za tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kompyuta ya injini huhifadhi kumbukumbu ya mara ambazo injini ilizungushwa kupita kiwango, kosa ambalo dereva wa gia za mkono hulifanya akidhani anapanda gia kumbe anashuka. Honda S2000 ya mwanzo, iliyoruhusiwa kufika mizunguko 9,000 kwa dakika, huumia kwa kosa hilohilo.

Hatua ya nne: Piga hesabu

Tuseme gari linaombwa alama 96. Umekuta matairi ya kubadilisha yote, alama 4. Klachi inayoanza kuteleza, alama 5. Diski na pedi za mbele, alama 3. Sevisi kubwa iliyopitwa na wakati, alama 4. Jumla ni 16, na mnunuzi mwenye pupa atasema kikomo ni 84.

Hata hivyo, gari zuri la alama 100 nalo halina matairi mapya. Lina matairi yaliyofika nusu, na klachi iliyofika nusu. Kwa hiyo vitu vinavyolika kwa kawaida vitoe kwa nusu, na vitu ambavyo gari zuri lazima liwe navyo, kama sevisi iliyofanyika kwa wakati, vitoe vyote. Matairi, klachi na breki vinakuwa 6 badala ya 12, ukijumlisha sevisi unapata 10, na kikomo kinakuwa 90. Hesabu hii ni ya haki kwa pande zote mbili, na muuzaji mwenye akili ataikubali kuliko ile ya kumtolea kila kitu.

Kisha weka hatari. Kama tatizo kubwa la modeli hiyo linagharimu alama 40 na fundi anakadiria kwamba gari moja kati ya ishirini yaliyo katika hali hii hulipata, thamani ya hatari hiyo ni alama 2, nawe unashuka hadi 88. Lakini injini haifi kwa asilimia tano. Ama inakufa yote ama haifi. Kwa sababu hiyo, mbali na bei, uwe na akiba ambayo huigusi siku ya kununua. Mimi hushauri isipungue alama 15, na kwa gari lenye ugonjwa mzito izidi hapo. Asiye na akiba hiyo atafute gari la daraja la chini lililotunzwa, aache la daraja la juu lililochoka.

Hatua ya tano: Gharama za kulimiliki

Pata makadirio ya bima kwa jina lako na kwa gari hilohilo kabla ya kukubaliana. Uliza pia bei ya seti moja ya matairi ya saizi yake, na kama lina diski za kauri uliza bei yake ukiwa umekaa. Gharama hizi hazibadilishi thamani ya gari, ila zinaweza kubadilisha uamuzi wako.

Hatua ya sita: Toa ofa

Andika kikomo chako kwenye karatasi nyumbani. Anza chini yake kidogo, onyesha orodha ya mapungufu pamoja na makadirio ya fundi, na usilikashifu gari mbele ya mwenyewe. Hakuna anayempunguzia bei mtu aliyemtukania mali yake. Ofa isiyo na maelezo hujibiwa kwa kiburi, lakini ofa yenye risiti na makadirio hujibiwa kwa hesabu.

Maswali ya wanachama

Swali: Ndugu mwalimu, muuzaji ameweka tabo kubwa zaidi, rimu, eksozi na programu mpya ya injini, na anataka nimrudishie alichotumia. Nimwongezee kiasi gani?

Jibu: Kwa kawaida usimwongezee chochote. Marekebisho hupunguza idadi ya watakaolitaka gari siku utakapoliuza wewe, na injini iliyoongezewa nguvu imebeba mzigo ambao hukuuona. Anza na thamani ya gari la asili, kisha ushuke. Kinachostahili kuongezewa ni spea za asili alizohifadhi, kwa sababu nazo unaweza kulirudisha lilivyokuwa. Hakikisha pia kampuni ya bima inayakubali marekebisho hayo.

Swali: Gari halina kumbukumbu zozote za sevisi lakini injini inaunguruma vizuri sana. Nitoe ngapi?

Jibu: Hesabu kwamba hakuna sevisi iliyowahi kufanyika, utoe gharama ya zote kwa ukamilifu, kisha utoe tena, kwa kuwa mnunuzi atakayekuja baada yako atauliza swali hilohilo. Kwa magari yenye ugonjwa mzito niliyoyataja, mimi ningeondoka.

Swali: Nimepata moja la miaka kumi na tano lenye kilomita chache mno, na mwenyewe anasema hilo ni sawa na jipya. Je, ni kweli nilipe zaidi ya 100?

Jibu: Soko hulipa zaidi kwa kilomita chache, hilo halina ubishi. Lakini gari lililosimama hukausha sili, huzeesha matairi na mabomba ya mpira, hupata kutu kwenye diski, na mafuta ya zamani huharibika ndani ya tangi. Ongeza kwa ajili ya kilomita, kisha utoe gharama ya kuliamsha, na utashangaa mara ngapi namba hizo mbili zinakaribiana. Na kama unanunua ili uliendeshe, utakuwa umelipia kilomita ambazo utazimaliza mwenyewe.

Swali: Aina ya giaboksi inabadilisha bei kiasi gani?

Jibu: Inategemea modeli, ndiyo maana nilisema usizichanganye. Katika BMW M3 ya E46, zile za gia za mkono kwa kawaida huuzwa ghali kuliko zile za SMG, yaani giaboksi isiyo na pedali ya klachi ambayo mfumo wa gari wenyewe huibadilishia gia. Katika Ferrari F430 tofauti hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa za mkono zilitengenezwa chache.

Swali: Gari ninalolitaka ni adimu, na sioni matangazo ya kulinganisha. Hiyo 100 nitaitoa wapi?

Jibu: Tumia matokeo ya minada ya miaka miwili au mitatu iliyopita, hata ya nchi nyingine, ukizingatia kodi na usafirishaji. Kisha angalia bei ya modeli ndugu yake imepanda au imeshuka kwa kiasi gani tangu wakati huo, na usogeze namba yako kwa uwiano huo. Utapata makadirio yenye upana wa alama kumi hivi, na kikomo chako kiweke kwenye nusu ya chini ya upana huo.

Swali: Muuzaji ameniambia kuna mtu anakuja kesho na fedha taslimu. Nifanyeje?

Jibu: Mtajie kikomo chako, umwachie namba yako ya simu, na umwambie ofa hiyo itakuwepo hadi mwisho wa juma.