Shule zimefunga na dada wa kazi kazidiwa: fanya haya kabla hujamrudisha kwao

Wiki ya kwanza ya likizo huwa haina shida. Watoto wanalala mpaka saa tatu, dada anacheka nao, nyumba ina raha. Ngoja ifike wiki ya pili. Hapo ndo unarudi jioni unakuta maharage yameungua, mdogo hajaogeshwa, wa kati analia, dada kanuna, na ukimuuliza kuna nini anakujibu "hamna kitu mama" huku amekugeuzia mgongo. Na wengi wetu hapohapo tunaanza, huyu binti kabadilika, kapata bwana, kajazwa maneno na wenzie bombani, bora arudi kwao.

Mi nilifanya hivyohivyo. Tunakaa Igogo, Mwanza, juu huku kwenye mawe, nina duka la vitenge mjini na watoto watatu, mkubwa darasa la sita, wa kati la pili, mdogo miaka miwili na nusu. Dada yetu ni binti wa miaka 20 kutoka Sengerema, kakaa na sisi mwaka na miezi bila makuu yoyote. Likizo ya mwezi wa sita nikamfokea mbele ya watoto kisa sufuria la maharage, kesho yake alfajiri namkuta kafunga begi. Hakuondoka, tulimbembeleza, ila begi lile ndo lilinikalisha chini.

Kitu cha kwanza chukua daftari. Usiongee na mtu kwanza, andika siku ya dada shule zikiwa wazi, alafu pembeni yake andika siku ya likizo. Kwangu shule zikiwa wazi wale wakubwa wawili wanashuka kupanda basi la shule saa 12 na nusu asubuhi, kurudi saa 10 jioni. Katikati dada yuko na mdogo tu, mdogo mwenyewe mchana analala masaa mawili mazima. Sasa likizo: watoto watatu wangu, jumlisha wawili wa shemeji walioletwa kutoka Shinyanga waje kuona ziwa, sahani sita asubuhi, sita mchana, vikombe ndo usiseme maana kila mtoto akisikia kiu anachukua kikombe kipya. Maji huku juu yakikata inabidi kushuka na ndoo kwa jirani wa chini, na kupandisha ndoo kwenye mawe ya Igogo sio mchezo, waulize wanaokaa huku. Na kwa zile kelele mdogo halali tena mchana.

Hilo la mdogo kutolala ndo lilinipiga. Yale masaa mawili ndo yalikuwa pumziko la dada, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliita pumziko, lilikuwepo tu kimyakimya, likizo ikaja ikalimeza. Nikahesabu, saa 11 alfajiri anakoroga uji, saa 4 usiku anasugua sufuria la mwisho. Masaa 17. Sheria ya ajira ya 2004 inasema masaa ya kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, afu lazima kuwe na masaa 24 mfululizo ya kupumzika kila wiki. Kwa hiyo yule nilokuwa namwita mvivu alikuwa anafanya shifti mbili kwa siku moja.

Ukishaona hesabu yako ndo nenda kaongee nae. Ila sio usiku akiwa anasinzia, sio kwenye simu, na sio wewe umekaa kwenye kochi yeye kasimama mlangoni kama mtuhumiwa, hapo utaambulia "nisamehe mama" basi. Mi nilikaa nae nyuma ya jiko tukachambua dagaa. Dagaa wanahitaji muda, mikono ina kazi, macho yako chini, mtu anafunguka bila kutazamana. Na usimuulize "tatizo ni nini" kwa sababu jibu lake unalijua. Uliza vitu vidogo vyenye majibu. Saa ngapi ya siku unatamani mtu aje akupokee? Mtoto gani anakushinda? Nikikutolea kazi moja leo, unataka nitoe ipi?

Nilitegemea ataniambia nguo. Akaniambia, "Mama, huyu kaka akishuka ziwani na wenzie mi namfataje, nina mtoto mgongoni."

Jamani. Kumbe siku nzima yule binti anapika huku masikio yako ziwani. Sisi tunaokaa karibu na maji tunajua, watoto wa kiume likizo ni ndoano na kuogelea, na ziwa letu lina kichocho kwenye vile vina vifupi vyenye nyasi ambavyo mzazi anaona ndo salama, bado hujazungumzia kuzama. Hilo sio jambo la kumwachia dada. Jioni ileile baba yao akamkalisha mkubwa, dada akiwepo, akamwambia ziwani huendi bila mimi, ukienda utajibu kwangu, dada haulizwi kitu. Na Jumapili iliyofata akawachukua wote akawavusha kwa boti mpaka kisiwa cha Saanane wakaona pimbi na swala, wakarudi wamechoka hawana hata nguvu ya kugombania rimoti. Dada siku hiyo alilala mpaka saa 9 mchana, na mi nilipika mwenyewe. Niliunguza wali, kwa taarifa yenu.

Kwa hiyo kwako tafuta ile kazi ambayo dada anabeba na wala sio yake, ambayo inatakiwa iwe mikononi mwa mzazi. Inaweza isiwe ziwa. Kwa jirani yangu ilikuwa geti, kijana wa kidato cha pili anatoka saa 1 usiku na dada ndo anaulizwa kaenda wapi.

Baada ya hapo punguza kazi kweli kweli, usiishie kwenye pole. Watoto wafanye kazi, wote, wa kiume na wa kike. Mtoto wa miaka saba anaosha sahani yake na kikombe chake. Wa 11 anafagia uwanja, anafua soksi na chupi zake, anateka maji ndoo ndogo. Kila mtu kikombe kimoja kwa siku, mi niliandika majina kwa maka, vikombe vikapungua siku hiyohiyo. Mkubwa wangu akaniambia "si analipwa lakini?" Nikamwambia analipwa kumlea mdogo wako na kunisaidia kupika, hela ya kukuokotea soksi sijawahi kumpa. Na wageni nao wasikae tu, wahenga wenyewe walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilimpigia shemeji kwanza kumwambia, maana usipomwambia mtoto atarudi kwao na habari kwamba shangazi anatesa watu.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni hiki: kila siku mtoto mmoja naenda nae dukani. Leo huyu kesho yule, kwa zamu. Dukani anakunja vitenge, anahesabu chenji, anakula chipsi, anajiona mkubwa, na nyumbani wale waliobaki wanatulia ajabu, nadhani kwa sababu ugomvi mwingi unataka watu maalum wawili na ukimtoa mmoja unakufa. Kama umeajiriwa na bosi hataki watoto, tafuta bibi, shangazi, mazoezi ya kwaya, madrasa, chochote kinachomtoa mmoja au wawili masaa matatu.

Chakula. Mtoto wa likizo hashibi, hilo tukubaliane. Kinachomchosha dada sio ugali wa mchana, ni zile "dada nina njaa" kumi na mbili katikati. Panga kitu cha saa 4 asubuhi na cha saa 10 jioni kinachokaa mezani na kila mtu anajichukulia mwenyewe: viazi vitamu vya kuchemsha, mihogo, karanga, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa) kama una ndugu kijijini wa kukuletea, maana hayo watoto wanatafuna hivyohivyo makavu kama biskuti. Maharage chemsha mengi Jumapili ugandishe kwenye friji. Mkate achana nao, mkate mmoja kwa watoto watano ni dakika nne.

Sasa mamlaka. Hapa ndo wazazi tunaharibu. Dada anakataza katuni, mtoto anakupigia simu kazini analia, we unasema "mwachie tu bwana", basi umemmaliza huyo binti, kuanzia hapo hakuna atakayemsikiliza. Kaeni wote watoto wakiwepo, taja mambo ambayo neno la dada ni la mwisho. Kwetu ni matatu, TV inazimwa saa ngapi, nani anatoka uwanjani, na kulala mchana. Ukiona amekosea mwambie baadae mkiwa wawili. Na useme palepale pia kwamba kupiga hamna, mtoto akimshinda akupigie. Kwa hiyo muwekee vocha, usitake akupigie kwa salio la kwake.

Mchana baada ya kula weka saa moja na nusu ya kimya. Wadogo walale, wakubwa wasome au wachore, hakuna kumwita dada labda mtu anatoka damu. Wiki ya kwanza watagoma. Wiki ya pili wanazoea. Na siku yake ya ofu iwe siku kweli, sio Jumapili anayoenda kanisani saa 3 anarudi saa 6 kukuta vyombo vya asubuhi vinamsubiri.

Hela pia, tusizunguke. Ile amri ya mshahara ya 2022 iliweka 60,000 kwa mwezi kwa dada anayelala kwa mwajiri kwenye nyumba za kawaida kama zetu, na 120,000 kwa asiyelala. Hicho kilikuwa kima cha chini, na sidhani kama waliokiandika walikuwa wanafikiria watoto watano. Kazi ikiongezeka, ongeza. Mi niliongeza 20,000 kwa mwezi ule na nilimwambia mapema, mwanzoni, sio mwishoni kama zawadi. Mtu akijua kuna kitu kinakuja anapanga, na mtu aliyepanga anavumilia vizuri zaidi. Usimpe kitenge ukasema ndo nyongeza. Nauza vitenge, nawaambia, mama yake Sengerema hali kitenge.

Ila kuna siku umepunguza kazi, umeongeza hela, umempa ofu, na bado. Hapo chunguza vingine. Anaweza kuwa na malaria anajikaza. Anaweza kuwa na msiba au mgonjwa kwao na anaogopa kuomba ruhusa, wakati kisheria likizo ya mwaka ni siku 28 na ni haki yake. Na kuna hili ambalo watu hawapendi kulisema, likizo huleta wageni wa kiume, mjomba, binamu, rafiki wa kaka, na binti anaweza kuwa anasumbuliwa usiku na hana wa kumwambia. Angalia kama anakwepa mtu fulani, kama anaanza kujifungia chumba ambacho zamani alikuwa hafungi, muulize taratibu, na akikwambia mwamini kwanza, mgeni aondoke leo. Sio yeye.

Kama tatizo ni kwamba anawapiga watoto, au mdogo akimuona anajificha nyuma yako, hapo hatuongelei kuchoka tena. Usimwachie watoto kesho yake, hata kama unapoteza siku ya kazi. Namba 116 ya kusaidia watoto ni bure, unapata mtu wa kukushauri. Na ukigundua huyo uliyeletewa "ana miaka 18" kumbe hajafika 14, hapo wa kurekebisha ni wewe, sheria hairuhusu kabisa.

Mkishindwana, mwachane vizuri. Mlipe siku zake zote, nauli juu, apande gari asubuhi sio saa 11 jioni, na piga simu kwao wajue anakuja. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 kwenda Sengerema hamna tena kusubiri kivuko, kwa hiyo hamna sababu ya binti kufika kwao usiku. Na begi lake usilipekue mbele ya watoto.

Wa kwangu yupo bado. Wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa ndo ilikuwa karibu tuharibu tena, maana zikatoka sare zote, viatu, mabegi, madaftari ya kufunikwa makaratasi, vyote vikarundikwa jikoni kwake kama kawaida. Safari hii mkubwa alikaa kwenye mawe pale nje na brashi, anasugua viatu vya wote, na dada akawa amelala na mdogo, mlango wazi.