Somo: Namna ya kuchomeka vifaa vya umeme bila kuunguza soketi

Habari zenu wote. Wiki hii nimebadilisha soketi mbili katika nyumba mbili tofauti, na zote zilikuwa na ugonjwa mmoja: tundu limezungukwa na doa la kahawia, plastiki imevimba, pini ya plagi imekuwa nyeusi na kung'ang'ania ndani. Wenye nyumba wote wawili waliniambia, "Lakini fundi, ilikuwa inafanya kazi vizuri tu." Ni kweli ilikuwa inafanya kazi. Soketi huungua taratibu huku ikiendelea kutoa umeme, ndiyo maana nataka tuelewane kwenye jambo hili.

Adui mkubwa ni plagi kulegea. Umeme ukipita mahali ambapo chuma na chuma havikugusana sawasawa, pale pale panazaliwa joto. Tena mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Kwa hiyo soketi iliyolegea inaweza kuchaji simu miaka na miaka bila shida, lakini siku ikichomekwa pasi, inaanza kujipika.

Hatua ya 1. Kagua kwanza. Tazama waya pale unapoingia kwenye plagi, ndipo hukunjwa kila siku na ndipo hukatikia. Ukiona nyaya za ndani, ile ya kahawia, ya bluu au ya kijani yenye mstari wa njano, usichomeke. Kuzungushia tepu si matengenezo. Mikono iwe mikavu, na sakafu pia.

Hatua ya 2. Zima kifaa, zima na swichi ya soketi kama ipo. Ukichomeka pasi ikiwa imewashwa, cheche inaruka pini inapogusa. Kila cheche inakwangua chuma, na chuma kilichokwanguka ndicho kinachokuja kupata joto baadaye.

Hatua ya 3. Shika plagi yenyewe, sukuma mpaka ikae kabisa na pini zisionekane. Kama inacheza au inataka kudondoka kwa uzito wake, soketi imechoka. Usipinde pini, usipachike karatasi ili ikaze. Fundi azime umeme kwenye meni swichi aweke nyingine.

Hatua ya 4. Washa soketi, halafu kifaa. Kama ni pasi, birika la umeme au heta, baada ya dakika kumi hivi zima, chomoa, ushike plagi kwenye plastiki yake. Vuguvugu si neno. Ikikufanya uondoe mkono, au ukisikia harufu ya plastiki inayoungua (wengine huisikia kama shombo la samaki), usiitumie tena soketi hiyo.

Kuchomoa ni kinyumenyume: kifaa, swichi, kisha plagi. Usivute waya.

Sasa ekstensheni. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoponzwa. Matundu sita hayana maana ya umeme mara sita, yote yanakunywa kwenye plagi moja. Soketi ya ampea 13 (ampea ni kipimo cha mkondo wa umeme) kwenye volti 230 inabeba karibu wati 3,000, yaani 13 mara 230. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 ni wati 3,200, tayari umepita. Na ekstensheni nyingine zimeandikwa ampea 10, yaani wati 2,300 tu, kwa hiyo soma kibandiko chake. Televisheni, taa na chaja hazina tatizo, hata zikiwa pamoja. Ekstensheni ya kuzungushwa kwenye gurudumu ikunjue yote kabla ya kuipa kazi nzito, maana waya uliojikunja hauna pa kutolea joto. Usiifiche chini ya zulia, na usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo fundi. Chaja yangu ina pini mbili za duara, soketi ni ya matundu matatu bapa. Huwa naingiza kijiti tundu la juu ndipo inakubali. Kuna ubaya?

Jibu: Marahaba. Upo. Tundu la juu ni la erthi (njia ya usalama inayopeleka umeme unaovuja ardhini), na pini yake ndiyo inayofungua vizibo vya matundu mawili ya chini. Vizibo hivyo vimewekwa ili mtoto asitie msumari. Ukivilazimisha, pini za duara zinatanua vyuma vya ndani, na kesho plagi halali ikija inakuta pamelegea. Tumia adapta inayoingia sawasawa. Na kijiti chenye unyevu, au kitu cha chuma, ni hatari kwa mkono wako.

Swali: Nikishika mlango wa friji nikiwa pekupeku nahisi kama natekenywa. Nikivaa ndala sihisi.

Jibu: Dada, usiishike tena. Zima swichi ya ukutani, chomoa, na usiitumie hadi fundi aje. Umeme unavuja kwenye bodi ya friji, na huenda erthi haipo au imekatika, hivyo unatafuta njia kupitia kwako. Ndala hazijaondoa tatizo, zimelificha tu. Fundi apime erthi ya nyumba nzima, na mwombe akufungie kifaa cha kukata umeme unapovuja, kile cha miliampea 30.

Swali: Fyuzi ya plagi ya pasi iliungua, nikaweka kipande cha waya. Mwezi wa pili sasa, inapiga kazi.

Jibu: Ndugu yangu, kitoe leo. Fyuzi huungua ili waya usiungue. Waya uliouweka hautakatika, kwa hiyo hitilafu ikitokea kitakachoungua ni waya wa pasi, au ule ulio ndani ya ukuta. Weka fyuzi ya ampea 13. Ikiungua tena, pasi yenyewe ina shoti, ipeleke ikafunguliwe.