Kuvusha mgomba kwenye baridi: ninavyofanya hapa Sheffield

Mimi ni mtoto wa Marangu, Kilimanjaro. Kihambani kwetu, yaani kwenye shamba la nyumbani, mgomba haumkoseshi mtu usingizi: unang'oa chipukizi, unachimba shimo, unatia samadi, unaondoka. Nilipohamia Sheffield, Uingereza, nikakuta mgomba unauzwa kwenye duka la miche kama ua la mapambo. Nilicheka, nikanunua, nikaupanda nilivyozoea. Kufika Machi ulikuwa uji. Sasa huu ni mwaka wa nane, ninayo mitatu nyuma ya nyumba, na mkubwa umelipita paa la banda la vifaa.

Kwanza jua umenunua nini. Ninaouacha nje mwaka mzima ni Musa basjoo tu. Hapa wanauita mgomba wa Kijapani, ingawa asili yake ni China. Majani yake hufa usiku wa kwanza wa jalidi (umande unaoganda kuwa barafu), shina huvumilia nyuzi chache chini ya sifuri, na tunguu, lile shina la chini ya ardhi linalotoa machipukizi, likifunikwa vizuri ardhini linahimili hata nyuzi 10 chini ya sifuri. Ule wenye majani mekundu unaopendwa sana ni Ensete ventricosum, ndugu wa mgomba kutoka milima ya kwetu Afrika Mashariki hadi Ethiopia, ambako wanakula tunguu na shina lake badala ya matunda. Huo jalidi hauiwezi kabisa, na kwa kawaida hautoi machipukizi, kwa hiyo ukifa umekufa. Kuhusu ndizi za kula, sahau. Basjoo ukibahatika kuzaa utakupa vidole vidogo vilivyojaa mbegu. Ukitaka mtori, supu yetu ya ndizi, nunua ndizi dukani. Mimi nachuma majani, nafunikia sufuria ya pilau.

Panda mwishoni mwa Mei au Juni, jalidi ikishakwisha. Tafuta ukuta unaotazama kusini, maana huku jua linapita upande huo, na pasiwe na upepo. Upepo hulichana jani likabaki matambara. Shimo liwe pana mara mbili ya chungu, uchanganye samadi iliyooza. Udongo wangu ni mfinyanzi, kwa hiyo naweka na kokoto ili maji yasituame. Kiangazi mgomba unakunywa kama ng'ombe: ndoo nzima jioni kukiwa kukavu. Mbolea yenye naitrojeni kila wiki mbili, na mwisho wa Agosti naacha.

Kazi yenyewe inaanza Oktoba au Novemba. Usiwe na haraka. Ngoja jalidi ya kwanza iyachome majani yawe meusi, ndipo uyakate yote na kubakiza shina. Mwaka ule wa kwanza nililizungushia shina karatasi ya nailoni na kulifunga kamba kama mzigo wa basi la mkoani. Nilidhani adui ni baridi. Kumbe maji ndiyo yaliyoua: jasho la mmea halikuwa na pa kutokea, mvua ikaingia kwa juu ikashuka katikati ya magome, na shina likaoza likiwa limevaa koti.

Siku hizi nazungushia wavu wa waya wa kufugia kuku, nikiacha nafasi ya sentimita 30 hivi kila upande wa shina, na kuushikiza kwa vigingi vitatu. Ndani najaza mabua makavu ya ngano. Robota moja linatosha mgomba wa urefu wangu. Usishindilie, hewa iliyomo ndiyo blanketi. Juu naweka kipande cha bati chenye mteremko, nakikandamiza kwa tofali. Pembeni hakuna nailoni, upepo upite. Chini namwaga majani makavu ya miti, unene wa sentimita 20, ili tunguu lisiguswe. Nilimtumia mama picha kwa WhatsApp, akanijibu: "Huo mgomba una homa?"

Ule mwekundu nauchimba kabla ya jalidi. Nakung'uta udongo, nakata majani yote isipokuwa lile changa la katikati, kisha naugeuza kichwa chini gerejini siku tatu au nne. Utashangaa maji yanayotoka. Ukishajichuja nauweka kwenye ndoo yenye mboji kavu, mahali pa nyuzi 5 hadi 10, na simwagilii mpaka Machi. Ukiuweka karibu na hita utaamka kabla ya wakati, na mwanga haupo.

Katikati ya Aprili nafungua wavu, polepole, nikitoa mabua kidogo kila siku kwa wiki nzima. Libonyeze shina kwa kidole gumba. Likiwa gumu, salama. Likibonyea na kunuka kama viazi vilivyoozea gunia, chukua kisu kikali na ukate kuanzia juu, vipande vyembamba kama unakata kitunguu, mpaka rangi ya kahawia iishe na uone nyama nyeupe yenye maji safi. Usiogope kukata hata nusu mita. Mara ya kwanza nilikata jioni nikiwa nimekata na tamaa. Asubuhi nikakuta katikati ya kile kidonda cheupe kimechomoza kijiti cha kijani, sentimita mbili, kimejikunja kama sigara. Na hata shina lote likioza, using'oe. Tunguu likiwa hai, machipukizi yatatoka Juni. Bakiza matatu yenye afya, mengine gawia majirani.

Kile kitambaa cheupe chepesi cha kufunikia miche kiache karibu na mlango hadi Juni. Mwaka jana tarehe 19 Mei nilitoka saa nne usiku na kanga mabegani kwenda kuyafunika majani mawili mapya.